Mkono usiogeuka: maswali ya wazazi wa Nyanda za Juu Kusini kuhusu mifupa ya kigasha iliyoungana

Haya ndiyo maswali yanayoulizwa sana kwenye mabenchi ya kliniki za mifupa na mazoezi tiba, na wazazi wanaotoka Mbeya mjini, Rungwe, Kyela, Mbozi, Mbarali na hata Makete. Daktari aliyemshika mwanao mkono na kuona picha yake ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini ukienda ukiwa unajua cha kuuliza, safari yako haitakuwa ya bure.

Hasa ni kitu gani kimeungana?

Kigasha, ile sehemu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kina mifupa miwili. Radiasi iko upande wa kidole gumba, ulna iko upande wa kidole cha mwisho. Ncha ngumu ya kiwiko unayoegemea mezani ni ya ulna. Unapogeuza kiganja kitazame juu, ulna inatulia na radiasi inaizunguka. Mtu wa kawaida akianza na kidole gumba kikiwa juu, anaweza kugeuza kiganja takriban nyuzi 80 kwenda kila upande.

Kwa mtoto huyu, mifupa hiyo miwili imeshikana karibu na kiwiko, kama ndizi mapacha zilizozaliwa kwenye ganda moja. Radiasi haina nafasi ya kuzunguka. Vidole vinashika vizuri, kiwiko kinakunjika, ingawa kwa wengine hakinyooki mpaka mwisho, na nguvu ipo. Kinachokosekana ni kugeuka. Kwenye faili hali hii huitwa sinostosisi ya radiasi na ulna ya kuzaliwa.

Mkunga alimvuta mkono wakati wa kujifungua. Ndiyo sababu?

Hapana. Mikono ya mtoto tumboni huanza kama kipande kimoja cha gegedu, kisha mifupa miwili hutengana kuanzia upande wa kifundo kupanda kuelekea kiwiko. Kazi hiyo hufanyika karibu na wiki ya 7 ya mimba. Ikiishia njiani, sehemu ya juu hubaki imeshikana na baadaye gegedu lile hugeuka mfupa mmoja. Wiki ya 7 akina mama wengi hawajaanza hata kliniki. Mkunga wa miezi saba baadaye hana kosa.

Mkono ulioumizwa wakati wa kuzaliwa huonekana tofauti: unalegea, mtoto hauinui tangu siku ya kwanza. Huu wetu unainuka na kucheza, ila haugeuki.

Mama mkwe anasema ni kwa sababu ya kumbeba mgongoni, na baridi ya Juni.

Kumbeba mtoto kwa kanga hakuunganishi mifupa, na baridi ya Uporoto au Makete, pamoja na ukali wake wote, haiunganishi. Wala si laana, wala hukula kitu kibaya. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba mkono ulikuwa hivyo kabla mtoto hajatoka tumboni. Kama naye atakumbuka kwamba kuna mjomba au babu ambaye hakuwahi kuweza kugeuza kiganja, basi amekusaidia sana. Habari hiyo mpelekee daktari.

Mbona hatukuona mpaka amefika chekechea?

Kwa sababu haumi. Mtoto mchanga hadaiwi kupokea chenji wala kukinga maji, na anachokosa kwenye kigasha anakitafuta begani: anatoa kiwiko nje, anainamisha mwili, anatumia kifundo chake ambacho mara nyingi huwa chepesi kuliko cha watoto wengine. Hali ikiwa kwenye mikono yote miwili, na kwa zaidi ya nusu ya watoto ndivyo ilivyo, hakuna hata mkono mzima wa kulinganisha nao. Watoto wengi hugundulika kati ya miaka miwili na nusu na sita, pale mwalimu anaposema "onyesheni viganja" na mmoja anaonyesha mgongo wa mkono.

Nitampimaje nyumbani?

Mwambie asimame, viwiko vigandamane na mbavu, avikunje mpaka vigasha vielekee mbele. Mpe penseli mbili, moja kila ngumi, zisimame wima. Mwambie alaze penseli kulia, kisha kushoto. Wewe tazama viwiko, si penseli. Kiwiko kikitoka ubavuni au mwili ukiinama, anadanganya kwa bega, bila hata yeye kujua. Kishike kiwiko taratibu na umwambie arudie.

Penseli ikigoma, angalia kiganja kimegandia kikitazama wapi. Chini kabisa? Kidole gumba kikiwa juu? Mahali fulani katikati? Liandike hilo. Ni jambo kubwa kuliko lingine lolote katika ukurasa huu, na tutalirudia.

Angalizo: mtoto aliyekuwa mzima asubuhi, akavutwa mkono wakati wa kuvuka barabara, na sasa analia na hataki kuutumia, hana hali hii. Huenda kiwiko kimechomoka kidogo. Mpeleke leo hii, usingoje kliniki ya mwezi ujao.

Ni adimu kiasi gani?

Adimu vya kutosha kwamba daktari wa wilaya anaweza kufanya kazi miaka mingi asimwone mmoja. Mholanzi Eduard Sandifort aliieleza mwaka 1793, na tangu hapo visa vilivyoandikwa kwenye maandiko ya kitabibu ni vya kuhesabika kwa mamia. Lakini ninaamini wapo wengi zaidi ambao hawajawahi kuandikwa. Mzee wa Tukuyu aliyelima na kuzeeka na mkono wake usiogeuka alikuwa na sababu gani ya kwenda hospitali?

Akichuliwa kila siku kwa mafuta ya moto, si itafunguka?

Haitafunguka. Pale hakuna kiungo kilichokaza. Pana mfupa, na mfupa hauchuliki. Fundi wa kuunga mifupa anayeahidi kuufungua kwa kuuzungusha anaweza kuuvunja, au kukilegeza kifundo, kwa sababu nguvu yote anayotumia kwenye kigasha inaishia hapo. Mtoto akilia wakati wa kuchuliwa, hilo ndilo jibu. Ukitaka kumpaka mafuta kwa sababu ngozi imepauka na baridi, mpake.

Basi mazoezi tiba ni ya nini?

Si ya kugeuza kigasha. Mtoa mazoezi tiba akikuahidi hilo, muulize kwa upole kama ameiona picha. Faida yake ni kwingine: kulinda bega na kifundo vinavyofanya kazi ya ziada, na kumfundisha mtoto njia zake mwenyewe za kuvaa shati, kufunga vifungo, kushika kikombe. Mara nyingi mtoto ameshazigundua kabla ya mtaalamu. Vikao vichache vya maana vinatosha. Nauli ya kila wiki kutoka Kyela kwenda mjini kwa mazoezi yasiyoweza kubadili mfupa, mimi nisingeilipa.

Picha ya eksirei itaonyesha nini?

Inatakiwa picha ya mbele na ya ubavuni, zote zikionyesha kiwiko. Madaktari wengi hutumia mpangilio wa Cleary na Omer wa mwaka 1985, wenye aina nne. Katika aina ya kwanza, kinachoshikanisha ni nyuzi tu bila mfupa, kwa hiyo picha inaweza kuonekana safi ilhali mkono haugeuki. Aina ya pili mfupa umeungana, lakini kichwa cha radiasi kiko mahali pake. Aina ya tatu, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, kichwa cha radiasi ni kidogo na kimehama kwenda nyuma. Ya nne, kimehama kwenda mbele na kimevimba kama uyoga.

Ni vizuri kujua aina, lakini usikae ukiifikiria usiku kucha. Watoto wawili wa aina ya tatu wanaweza kuwa na maisha tofauti kabisa: mmoja kiganja chake kimegandia kidole gumba kikiwa juu na hana shida na chochote, mwingine kimetazama chini kabisa na hawezi kunawa uso.

Je, lazima apasuliwe?

Wengi hawahitaji. Hapa ndipo wazazi wanapotakiwa kukaa chini na kufikiri, kwa sababu swali si kama mifupa imeungana. Imeungana, tumekubaliana. Swali ni kiganja kimegandia wapi, na mtoto anashindwa kufanya nini.

Kiganja kikiwa kimegeuka kutazama chini kwa nyuzi zisizofika 30 kutoka hali ya kidole gumba juu, kwa kawaida mtoto huachwa akue. Kikizidi nyuzi 60, hasa kwa mikono yote miwili, madaktari wengi huanza kuzungumzia upasuaji. Katikati hapo hakuna kanuni, na pale ndipo maisha ya nyumbani yanapoamua.

Sasa tuongee kama watu wa hapa. Vitabu vingi vya upasuaji vimeandikwa kule ambako mtoto anakula kwa uma na anaandika kwenye kompyuta, kazi ambazo kiganja kinachotazama chini kinazifanya bila taabu. Mtoto wa Mbeya anakula ugali kwa mkono: anamega, anafinyanga, anachovya, na wakati wa kupeleka mdomoni kiganja kinatakiwa kigeuke. Anakinga maji ya kunawa. Chooni anatumia maji, na kiganja cha kushoto ndicho kinachoyapokea. Hili la chooni wazazi wanaona haya kulitaja, na mtoto wa miaka saba anaona haya zaidi. Ndilo ambalo kwa maoni yangu lina uzito mkubwa kuliko mengine yote, kwa sababu ndilo litakalomfanya akatae kwenda shule ya bweni.

Kwa hiyo, kabla ya kumwona daktari mpasuaji, mtazame mwanao kwa wiki nzima bila kumsaidia. Anakulaje? Anajisafishaje? Anavaaje sketi au suruali? Anachotaje maji ndooni? Akishindwa jambo moja au mawili tu na akawa ana njia ya kuzunguka, ningesubiri. Akiwa anategemea dada yake kwa mambo hayo, huyo ni mtoto wa kuzungumziwa.

Upasuaji unafanyaje? Atageuza mkono baada ya hapo?

Hatageuza. Naomba usome tena, kwa sababu familia nyingi hutoka hospitali zikiwa na hasira kwa kutoambiwa hili. Daktari hukata mfupa, huuzungusha mpaka kiganja kielekee upande wenye faida, kisha huushikilia kwa waya au vyuma na hogo, ile plasta ngumu, mpaka uunge. Mkono unatoka kwenye pozi moja lisilofaa unaingia kwenye pozi jingine linalofaa. Bado umeganda.

Ndiyo maana pozi jipya lizungumzwe kabla, na wewe uwepo kwenye mazungumzo hayo. Mkono wa kuandikia mara nyingi huachwa ukielekea chini kidogo, au kidole gumba kikiwa juu. Mkono wa pili unaweza kuelekezwa juu kidogo ili upokee na kukinga. Mwambie daktari kuhusu ugali na maji bila kuona haya. Akisikia "mkono wa kushoto ndio wa chooni", atajua la kufanya.

Wapasuaji wengi hupendelea kufanya hivyo kabla mtoto hajazoea sana darasa la kwanza, kati ya miaka mitatu na sita hivi. Mfupa mdogo huunga upesi na mtoto mdogo hujifunza upesi. Hogo hukaa wiki kadhaa, mara nyingi sita hadi nane.

Kwa nini wasiitenganishe tu?

Wamejaribu, sana. Ukiitenganisha, mwili hujenga mfupa tena kwenye nafasi ile na baada ya miezi mtoto anarudi alikotoka. Wajapani, akiwemo Fuminori Kanaya katika miaka ya 1990, walionyesha kwamba kuweka katikati kipande cha mafuta chenye mshipa wake wa damu kunaweza kuzuia hilo. Ni upasuaji mgumu wa kuunganisha mishipa midogo kwa hadubini, na huwezi kuutegemea kila mahali.

Hatari zake ni zipi?

Kubwa ni uvimbe ndani ya kigasha unaobana mishipa ya damu na neva. Ukicheleweshwa, misuli hufa na vidole hukunjamana milele. Ndiyo maana mtoto hulazwa na kuchunguzwa siku za mwanzo. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mtoto anayepiga kelele ukimnyoosha vidole, vidole baridi, vyeupe au vilivyokufa ganzi: mwite muuguzi hapo hapo, hata kama ni saa nane usiku na umeambiwa usubiri raundi ya asubuhi. Kama mmesharuhusiwa, rudi usiku huo huo. Usimpe dawa ya maumivu ukalala.

Kadiri kiganja kinavyozungushwa sana kwa mara moja, ndivyo neva zinavyokuwa hatarini. Pia mfupa unaweza kurudi nyuma kidogo kabla haujashika.

Watu wanasema mwanangu hana adabu kwa sababu anapokea kitu na mgongo wa mkono.

Hili linauma kuliko mkono wenyewe. Kwetu mtoto hupokea kwa mikono miwili, viganja juu, amepiga goti kidogo. Huyu ananyoosha mkono kiganja kikiwa chini, kama anayenyakua, na shangazi aliyekuja na zawadi ya parachichi anaondoka na hadithi.

Mfundishe apokee kwa mikono miwili ikiwa imekabiliana, vidole gumba juu, kama anayeshika kitabu. Kwa watoto wengi pozi hilo linawezekana kwa kusaidiwa na bega, na adabu inaonekana. Kwa vitu vidogo kama sarafu, ashike ukingo wa nguo au kibakuli. Zungumza na mwalimu wa darasa mapema, na mwalimu wa dini pia, kwa sababu kukinga viganja kwenye dua au kupokea komunyo ni mahali ambapo mtoto husahihishwa mbele za watu. Mtoto aliyefikisha miaka sita mfundishe sentensi yake mwenyewe: "Mkono wangu haugeuki, nimezaliwa nao." Iseme bila kuomba radhi, naye ataisema hivyo hivyo.

Ataweza kuandika, kulima, kuendesha pikipiki?

Kuandika ndiyo, kwani kalamu inataka kiganja chini. Jembe, kuchuma chai, kukata matawi ya kahawa, kushika usukani, vyote vinawezekana. Vitakavyomsumbua ni kubeba sinia kwa viganja, kudaka mpira unaokuja chini, kufungua kitasa cha mviringo, kukaza bisibisi. Mkono ukichoka sana, ni bega linalolalamika. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo kwa yule atakayebaguliwa kazini au shuleni kwa sababu ya mkono wake, lakini watoto wengi wa hali hii hawajioni kuwa walemavu, na sioni sababu ya kuwaambia vinginevyo.

Ni ya kurithi? Nikizaa mwingine?

Mara nyingi anatokea mmoja peke yake. Zipo familia ambamo hali hii hupita kutoka kwa mzazi hadi mtoto, na hapo kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi jeni yenyewe, ingawa si kila anayeirithi huonyesha mkono ulioganda. Watafiti wameihusisha jeni iitwayo SMAD6 na baadhi ya familia hizo. Baba na mama, fanyeni lile jaribio la penseli ninyi wenyewe. Wapo wazazi wanaogundulika siku hiyo.

Nimeambiwa achunguzwe moyo na damu. Mkono unahusiana vipi na moyo?

Takriban theluthi moja ya watoto hawa wana kitu kingine: nyonga, mguu, moyo au figo. Daktari makini atamtazama mtoto mzima. Kwa mvulana aliyechelewa kuongea au anayepata taabu sana shuleni, anaweza kufikiria kupima kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, kwani hali hii huonekana kwa wavulana wenye kromosomu X za ziada.

Kuhusu damu, wapo watoto wachache ambao mkono huu huja pamoja na upungufu wa chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kama mwanao hupata michubuko bila kuanguka, hutoka damu puani mara kwa mara, au ana vidoto vyekundu kwenye ngozi, sema kabla hujaulizwa. Kipimo cha damu kamili ni rahisi, na kisifanyike baada ya kisu.

Mimi ni mtu mzima. Nilianguka na bodaboda, mifupa miwili ikavunjika, sasa mkono haugeuki. Ni hii hii?

Si hii. Yako imetokana na mfupa uliojijenga kati ya mivunjiko miwili wakati wa kupona, hasa kama ilivunjika mahali pamoja. Misuli yako na viungo vyako vilishazoea kugeuka, kwa hiyo kuukata mfupa ule wa ziada ukishakomaa kunaweza kukurudishia mzunguko. Mwone daktari wa mifupa, na beba picha zote za zamani.

Nianzie wapi?

Zahanati au kituo cha afya watakupa rufaa. Hospitali ya wilaya au ya misheni iliyo karibu itapiga picha. Watu wa Makete wana Ikonda, wa Wanging'ombe wana Ilembula, wa Iringa wana Tosamaganga. Kwa uamuzi wa upasuaji, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo inayohudumia Nyanda za Juu Kusini, na zaidi ya hapo ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam. Piga simu kwanza uulize siku ya kliniki ya mifupa ya watoto. Kama mtoto ana bima, uliza mapema kama rufaa yako imeandikwa inavyotakiwa. Karatasi isiyo na mhuri imewarudisha watu Tunduma.

Beba picha zenyewe, si majibu peke yake. Beba kadi ya kliniki ya mtoto, ile karatasi uliyoandika kiganja kimegandia wapi, na orodha ya mambo anayoshindwa. Chukua na video fupi kwenye simu akiwa anakula ugali nyumbani, bila kumwambia unamrekodi. Mbele ya daktari atakaa vizuri na kujitahidi. Sahani ya nyumbani ndiyo itakayosema ukweli.